Nyimbo zilizompa mzee jina, au zile za pembeni?

Ndugu, umeuliza okestra ya baba yako mkubwa ipige nini Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kwa dakika 90. Rumba yenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, hula dakika 7 au 8, basi nyimbo 10 zinatosha: 7 zinazojulikana, 3 za pembeni. Msizifuatanishe hizo 3. Wachezaji wakisharudi kwenye viti, kuwainua tena ni kazi kubwa! Kila moja ikae katikati ya mbili zinazopendwa, na mzee aseme kwa ufupi aliitunga kwa nini. Hapo watu husikiliza kweli.

Koo la uzeeni halifiki juu kama zamani. Teremsheni toni moja, tena mapema, maana mpiga gitaa la solo atabadili vidole. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, aone daktari kwanza.