Springla za kumwagilia nyasi uani: kufunga koki tu hakutoshi, maji lazima yatoke kabla ya winta

Mi nimekulia Tanga, bomba likipasuka kule ujue mtu kapiga jembe vibaya au lori limepita juu. Hili la maji kuganda mpaka yakapasua bomba nimekuja kulijua huku Minnesota, Marekani. Naandika kwa sababu ndugu zetu wengi sasa wananunua nyumba huku, unakuta springla zimeshazikwa uani tayari na aliyekuuzia hakukwambia kitu.

Mwaka wa kwanza nilishuka besimenti nikafunga koki ya maji ya nje, nikazima taima, ile saa inayowasha na kuzima springla, nikajua nimemaliza. Aprili nafungua nasikia maji yanamwagika nje, kutoka naona kile kidude cha shaba cha ukutani, bakiflo, kinachozuia maji ya uani yasirudi kwenye maji ya kunywa, kimepasuka ubavuni, na chini ya nyasi kuna bomba limepasuka pia, uani pamekuwa kidimbwi. Karibu dola 700 ziliondoka.

Yaani koki inazuia maji mapya tu, yale yaliyomo kwenye bomba yanabaki humohumo. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na mabomba haya yanazikwa inchi 8 mpaka 12 hivi wakati huku ardhi inaweza kuganda futi 3 na zaidi. Kwa hiyo kuyapuliza kwa hewa ya kompresa yatoke ni lazima, na fanya mwisho wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, usisubiri theluji, maana bakiflo iko juu ya ardhi na ndiyo inayoganda kwanza.

Kodi kompresa kubwa, ile ndogo ya kujazia matairi ina presha lakini hewa yake ni kidogo, haisukumi maji ya zoni nzima, yaani kundi la springla zinazofunguka pamoja. Funga koki ya ndani, unganisha mpira wa hewa baada ya bakiflo, upande wa kwenda uani, hewa usiipitishe ndani yake kwa sababu inatoka ya moto inaharibu vimpira vya ndani. Halafu hapa naomba uwe makini sana, fungua zoni moja kwenye taima KABLA hujaachia hewa, anza na ya mbali kabisa, na presha isizidi 50 psi (kipimo cha presha) kama mabomba yako ni yale meusi laini, yale meupe magumu ya PVC mwisho 80. Vaa miwani, usisimame juu ya springla wala usiiinamie, hewa hiyo inaweza kurusha kipande kikakutoa jicho.

Maji yakishakuwa kama ukungu mwembamba tu, acha, nenda zoni nyingine. Ukiendelea kupuliza bomba kavu gia za ndani ya springla zinapata moto zinaharibika, bora urudie mzunguko mara mbili kwa muda mfupi mfupi. Ukimaliza toa maji yaliyobaki kwenye bakiflo na vile vikoki vyake viwili viache nusu, visiwe wazi kabisa wala kufungwa, maana maji hujificha ndani ya kile kigololi kinachozunguka ndani ya koki.

Sisi majirani wanne tunachanga tunakodi kompresa moja Jumamosi moja, tunaanza saa 2 asubuhi, mpaka saa 6 nyumba zote nne zimeisha.