Kwa dada aliyeuliza kuhusu sindano ya kung'arisha ngozi: mimi niliuza vitu hivyo na nilivipaka

Mdogo wangu, habari za huko Jinja. Umeandika kwamba una miaka 46, kwamba mumeo alisema mbele ya wageni kuwa umezeeka kabla ya siku zako, na kwamba shoga yako ameshakuwekea nafasi Jumamosi kwenye saluni moja ya Kampala ukachomwe sindano ya kung'arisha ngozi. Ukauliza kama ni salama. Nimesoma majibu yote uliyopewa. Wengine wamekwambia nenda, mwanamke ni kujipenda. Wengine, na wengi wao ni wanaume, wamekwambia uache mambo ya visichana, uzeeke kwa heshima. Swali lako limebaki pale pale.

Usiende Jumamosi. Nitakueleza kwa nini, halafu nitakueleza pia kwa nini hao wa "zeeka kwa heshima" siko upande wao.

Mimi ni mtu wa Bombo, Mnubi, nina miaka 57. Kwa miaka tisa nilikuwa na duka la vipodozi. Mzigo nilikuwa naufuata Kikuubo, soko la jumla la Kampala: losheni, sabuni, na zile tyubu ndogo za dawa ya ngozi ambazo zinatakiwa zitolewe kwa cheti cha daktari, ila mimi nilizipata kwa boksi bila kuulizwa kitu. Usiku duka likishafungwa nilikaa chini na ndoo ya lita tano. Namimina losheni, nakamua tyubu kumi, kumi na mbili, nakoroga kwa mwiko wa mbao mpaka inakuwa laini kama uji wa mtoto. Ilikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, inanukia ndimu, na chini ya ile ndimu kuna harufu nyingine kama ya chuma kilicholowa. Naipakia kwenye vikopo visivyo na maandishi. Watanzania wanaita mkorogo. Kwetu wateja waliiita "ile ya mama", na mama ndiye mimi. Walinunua kwa sababu walinijua, walikuja kunisaidia kuzika na kuoza ndugu zangu, hawakuwa na sababu ya kunishuku. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nikae niandike marefu haya.

Nami niliipaka. Nilianza nikiwa na miaka 39, mwaka ule mume wangu alipoanza kurudi nyumbani saa saba za usiku. Ndani ya wiki tatu uso ulitakata. Sokoni wakaniuliza natumia nini, na biashara ikapanda kwa sababu tangazo lilikuwa uso wangu mwenyewe. Ila vifundo vya vidole vilikataa, vilibaki vyeusi juu ya mikono ya rangi nyingine, nikajizoeza kuficha mikono ndani ya leso kila nikikaa na watu.

Mwaka wa nne ngozi ikaanza kunisaliti. Nikipita jua la saa sita uso unawaka kama nimepakwa pilipili. Siku moja nikiteremka kwenye taksi, ukingo wa kiti cha chuma ulinikwaruza muundi, mkwaruzo ambao mtoto wa shule angeupangusa akaendelea kucheza. Ngozi ilifunguka kama karatasi iliyolowa maji. Kile kidonda kilikaa miezi mitano. Na mashavuni, pale nilipokuwa nikipaka sana, yakatokea madoa ya bluu iliyoingia weusi, magumu kidogo ukiyapapasa. Nikapaka zaidi ili niyafute. Yakazidi.

Daktari wa ngozi aliyenipokea, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, hakunigombeza. Aliniambia, mama, kesho niletee vyote unavyopaka, vikopo vyenyewe. Nikampelekea mfuko mzima. Akavipanga mezani kimoja kimoja akanifundisha, na nitakupa nawe kama alivyonipa.

Weusi wetu unatokana na melanini, na kazi ya melanini ni kuzuia jua lisiharibu ngozi. Sisi tunaishi juu ya Ikweta, pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka unaukanyaga mstari kwa mguu wako. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali zinazotiwa kwenye mafuta ya kung'arisha, zinazuia mwili usitengeneze melanini, kwa hiyo unakuwa umejivua mwavuli mahali penye jua kali. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu ndiyo inaleta yale madoa ya bluu niliyoyapata, na hayo hata ukiacha hayaondoki kirahisi. Zebaki inapita kwenye ngozi inaingia mwilini, inaharibu figo, na kwa mama anayenyonyesha inamfikia mtoto wake. Zile tyubu nilizokuwa nakamua, zenye klobetasoli, ni steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Ni dawa nzuri kwa mgonjwa anayepewa kwa siku chache kwenye sehemu ndogo, lakini ukipaka mwili mzima mwaka hadi mwaka ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka michirizi, vidonda vinachelewa kupona.

Nilikuwa na kopo moja la bei kubwa lililoandikwa kwamba usilipake ukiwa umevaa dhahabu au fedha. Wateja niliwaambia hiyo ni alama ya ubora, kwamba mafuta haya ni makali, yanafanya kazi kweli. Yule binti daktari akaniambia onyo hilo ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki inakula dhahabu na fedha. Nilikaa kimya. Nilikuwa nikiwaambia wanawake wavue pete zao ili wapake sumu. Kwa hiyo ukiona kwenye kopo maneno mercury, mercurous, mercurio au calomel, au onyo la vito, liweke chini. Akaniambia pia habari za Minamata, mji wa Japani ambao kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakaanza kuugua na kufa, jambo likajulikana mwaka 1956. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, wa mwaka 2013, umeitwa kwa jina la mji huo, na vipodozi vyenye zebaki vimo ndani yake. Rwanda na Tanzania wamepiga marufuku mafuta ya zebaki na haidrokwinoni, na kwetu Shirika la Viwango limeyapiga marufuku pia, lakini marufuku haijafika kwenye kila rafu ya Kikuubo.

Sasa sindano. Wanaiita glutathioni. Ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, na ndiyo maneno shoga yako atakayokupa: "ni ya asili". Ila kinachoingia kwenye mshipa wako Jumamosi hukijui, hujui kimetoka wapi, kimehifadhiwa vipi wala anayekuchoma amesomea wapi. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano hata moja ya kung'arisha ngozi. Ile ya Ufilipino, nchi ambako sindano hizi zimeenea sana, imetoa onyo kwamba zinaweza kudhuru figo na kuleta mzio mkali wa ngozi. Mafuta yakikukataa unaweza kuyanawa. Kilichoingia kwenye mshipa hakinawiki.

Nikirudi kwa wale wa heshima. Mdogo wangu, mume wangu alikuwa anapaka rangi ndevu. Kila Alhamisi usiku, ili Ijumaa msikitini aonekane kijana. Alitumia mswaki wa zamani, anachovya kwenye kisosi, anapaka kidevu taratibu mbele ya kioo cha bafuni huku amejifunga taulo langu shingoni. Ile rangi niliinunua mimi. Mwaka huo huo aliniambia nimekuwa kama bibi yake. Sikumsikia mtu yeyote Bombo nzima akimwambia yeye azeeke kwa heshima. Na sasa naona wazee wanatoka kwenye saluni za Wandegeya, Kampala, na vichwa vyeusi tii, hakuna anayegeuka.

Nilikaa kwenye harusi moja ya ukoo, mama mmoja amekuja na mvi zake wazi, mzee wa mezani kwetu akasema huyu kajiachia, ndiyo maana mumewe kaoa mwingine. Hakikupita kitambo akaingia mwingine, rika lile lile, kapaka nywele, kavaa gurbaba mpya, lile vazi letu Wanubi, kajitia wanja. Mzee yule yule akasema, na huyu naye, haoni haya, anashindana na wajukuu zake. Nilikuwa na sahani ya wali mapajani nikashindwa kuendelea kula. Nilijiuliza tangu lini mwanamke alipita mtihani wa huyu mzee, nikaona hakuna.

Mama yangu alikuwa karani Kampala enzi za Amin. Mwaka 1972 serikali ilipiga marufuku nguo fupi za wanawake, baadaye mawigi nayo yakapigwa marufuku. Wigi lake alilificha kwenye debe la unga. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, mwaka 2014, iliposainiwa ile sheria ya kupinga ponografia, ambayo wengi waliielewa kuwa inakataza nguo fupi, wanaume wakaichukua kama ruhusa, wakawavua wanawake nguo hadharani mjini. Mahakama ya Katiba imeitengua mwaka 2021. Nayasema haya kwa kuwa wanaokwambia "kuzeeka kwa heshima" wanazungumza kana kwamba ni hekima ya wazee. Mimi naisikia kama amri ile ile ya zamani ya kumpangia mwanamke mwili wake, safari hii kwa sauti ya upole. Na usidhani hofu yako ya kuzeeka ni upuuzi. Huko Usukumani, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni walizopikia watu miaka yote. Mwanamke ana sababu ya kuogopa kuonekana mzee.

Kwa hiyo ukitaka kupaka nywele, paka, bila kuomba ruhusa hapa jukwaani. Mimi natia hina, ya majani, inayotoa wekundu. Ukiambiwa kuna hina nyeusi, jua imechanganywa na kemikali, mara nyingi ile inayoandikwa PPD, inayoweza kukuvimbisha uso mzima. Jaribu kidogo nyuma ya sikio, usubiri siku mbili. Ngozi kukauka na kulegea umri huu inatokana pia na hedhi kuelekea kukoma, homoni zinashuka, na hilo halina uzembe wowote ndani yake. Mimi mafuta ya kawaida asubuhi na jioni, mtandio mpana au mwavuli juani, na mafuta ya kukinga jua nikipata pesa. Madoa ya mashavuni yamepungua, hayajaisha. Nayaacha yaonekane, wateja wangu wa zamani wakiniuliza nawaambia yametoka wapi.

Hukusema kama tayari unapaka kitu. Kama unapaka chenye steroidi, usikiache kwa siku moja, uso unaweza kulipuka wekundu na vipele ukarudi kukipaka kwa hofu. Nenda kliniki ya ngozi, hospitali ya Mulago pale Kampala wanayo, wakupunguzie hatua kwa hatua, na uende na vikopo vyenyewe kama nilivyokwenda mimi. Mwambie daktari ukweli wote, hata wa ile sindano uliyotaka kuchoma.

Na ile pesa ya Jumamosi, kama umeshailipa, idai leo kabla hawajasema muda umepita. Wapigie simu hao wa saluni mbele ya mtu. Halafu rudi hapa uniandikie kama wamerudisha, nitakuwa naangalia kila jioni baada ya isha.