Barua kwa mwanangu: kuhusu BMW ya kwanza

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona. Unasema fundi mwenzako hapo gereji anadai BMW ya kwanza ilikuwa gari la Waingereza lililobandikwa nembo, na mmebishana mpaka mkakaribia kununiana. Pole, jamaa ana hoja. Ila amekupa nusu ya habari.

Kwanza usiangalie München, makao ya BMW. Angalia Eisenach, mji mdogo wa jimbo la Thüringen huko Ujerumani, chini ya ngome ya Wartburg ambamo Martin Luther alijificha akitafsiri Agano Jipya. Hapo Heinrich Ehrhardt alianzisha kiwanda cha magari mwaka 1896. Gari lao la kwanza, waliloliita Wartburg, lilitengenezwa kwa leseni ya kampuni ya Decauville ya Ufaransa. Unaona? Kuazima michoro ya watu walianza nako. Kuanzia 1904 magari yao yakaitwa Dixi.

Vita Kuu ya Kwanza ikaisha, Ujerumani ikabaki hoi. Mwaka 1921 kiwanda kikaunganishwa na kile cha mabehewa cha Gotha, halafu ukaja mfumuko wa bei wa 1923, fedha ya mtu ikawa makaratasi. Dixi wao walizoea kutengeneza magari makubwa ya wenye nazo, na wenye nazo walikuwa wamepungua. Madeni yakawafika shingoni. Walichohitaji ni kigari cha bei ya chini, na muda wa kukibuni hawakuwa nao. Basi mwaka 1927 wakachukua leseni ya Austin 7, kigari cha Waingereza kutoka Birmingham.

Kigari chenyewe ningependa ukione kwa macho ya fundi. Injini ya silinda nne, haifiki hata cc 750, valvu ziko pembeni. Chesisi ni vyuma viwili vinavyokutana mbele kama herufi A. Mbele kuna springi moja tu ya majani, imelazwa kwa upana, na nyuma vijispringi viwili vifupi. Basi! Fundi mwenye spana chache anakifumua chote na kukirudisha. Wajerumani wakakiita Dixi 3/15: 3 ni farasi wa kukadiria kodi, 15 ndio nguvu yake halisi.

Wakati huo BMW walikuwa hawajauza gari hata moja. Walijulikana kwa injini za ndege, Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya vita, ukawafungia biashara hiyo kwa miaka, wakahamia kwingine. Pikipiki yao ya R 32, aliyoibuni Max Friz, ilitoka 1923. Kuingia kwenye magari walikutaka, na njia ya mkato ilikuwa Eisenach. Mwaka 1928 wakakinunua kiwanda pamoja na madeni yake na ile leseni ya Austin. Mimi naona walifanya biashara ya akili sana, ingawa mashabiki wa BMW huwa hawapendi kuitaja.

Mwaka 1929 kigari kikatoka na nembo ya BMW. Na hapa ndipo mwenzako anapokosea, maana haikuwa nembo tu. Bodi ilikuwa mpya, ya chuma, kutoka kampuni ya bodi ya Ambi-Budd ya Berlin, na breki ziliboreshwa. Mwaka huohuo vigari vitatu vilikwenda mashindano ya milima ya Alps vikatwaa kombe la timu.

Leseni ilikoma 1932. Mwaka uliofuata Eisenach ikatoa 303, gari la kwanza la BMW lenye silinda sita, na la kwanza kuwa na zile grili mbili za mbele mfano wa figo unazozisugua wewe kila siku. Mwaka 1936 ikaja 328, gari la mashindano, ambalo mpaka leo sijaona gari dogo lililonyooka vile.

Lakini hiyo ilikuwa tayari Ujerumani ya Hitler. Karibu na mji kilijengwa kiwanda cha injini za ndege, na vita vilipopamba moto, wafungwa wa kambi ya mateso ya Buchenwald waliletwa Eisenach kufanyishwa kazi kwa nguvu. Usiyaruke hayo ukimsimulia mtu.

Mwaka 1945 Eisenach iliangukia kwa Warusi. Waliendelea kutengeneza magari yaleyale, kwa jina lilelile la BMW, mpaka wenye jina walipolidai na kiwanda kikajiita EMW, nembo ikageuzwa kutoka bluu kuwa nyekundu. München walibaki na jina bila kiwanda cha magari. Gari lao la kwanza baada ya vita, 501, wateja walianza kukabidhiwa mwaka 1952.

Baba yako