Jibu kwa mleta mada: ndoto yangu ilikaa miaka sita, ikasogea nilipoanza kufumua

Mleta mada, umesema kila mwaka unaandika ndoto zako kwenye karatasi, unaibandika ukutani, na ikifika katikati ya mwaka unapita mbele yake kama hujui kusoma. Umesema pia uliambiwa uandike kwa sababu ya ule utafiti wa chuo kikuu cha Yale wa 1953, kwamba asilimia 3 ya wahitimu walioandika malengo walikuja kuwa na mali kuliko wenzao wote wakijumlishwa. Nianze hapo, maana hadithi hiyo imewachelewesha wengi. Utafiti huo haukufanyika. Waliokwenda kuufuatilia chuoni hawakukuta kitu. Kuandika si vibaya, mimi mwenyewe ni mtu wa daftari, ila karatasi ya ukutani haikufanyii kazi.

Sasa nikusimulie yangu, utachukua kinachokufaa.

Ndoto yangu ilikuwa kushona koti la suti. Si kulinunua wala kulivaa, kulishona kwa mkono wangu, lenye bitana, mifuko ya ndani na bega lililotulia. Nilikuwa na kazi nyingine kabisa, ya mezani, na cherehani nilikuwa nayo ya kushonea mapazia na kupunguza suruali. Miaka sita nilishona koti hilo kichwani. Nilishona nikiwa kwenye foleni, nikiwa kikaoni, nikiwa kitandani taa zimezimwa. Na kichwani halikuwahi kuharibika hata mara moja. Hiyo peke yake ilitakiwa initie wasiwasi.

Baadaye nilikutana na kazi ya watafiti wawili, Kappes na Oettingen, ya 2011. Waliona kwamba mtu akijipigia picha ya mambo yakiwa yameshamnyookea, nguvu zake zinashuka badala ya kupanda. Anatulia kama mtu aliyeshafika. Nilipoisoma nilijiona mle ndani. Nilikuwa nimevaa koti miaka sita bila kukata kitambaa.

Nilipochoka kujidanganya nikajiwekea lengo: koti moja ndani ya miezi mitatu. Lilichukua miezi 14. Kama una desturi ya kujiona mvivu kila tarehe inapokupita, tafuta habari ya wanafunzi waliofanyiwa utafiti na Buehler na wenzake, uliotoka 1994. Waliulizwa watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku kama 34, zikaja kuwa kama 56. Lakini kilichonichekesha ni kwamba waliulizwa pia: na mambo yakienda vibaya kadiri yanavyoweza? Wakasema siku kama 49. Yaani hata hofu yao ilikuwa na matumaini kupita kiasi. Tangu hapo nikikisia muda wa jambo ambalo sijawahi kulifanya, naangalia mara ya mwisho nilipokisia na nilikosea kwa kiasi gani.

Lakini muda haukuwa tatizo langu kubwa. Tatizo langu lilikuwa mkono wa kushoto.

Nieleze, maana somo lote limo humo. Mkono wa koti hauchomekwi tu kama mfuko. Kichwa chake, ile sehemu ya juu ya mviringo, ni kikubwa kuliko tundu la begani unapoingia, kwa hiyo ile ziada unaivuta na kuigawa kidogo kidogo mpaka ikae bila kukunjamana. Unapiga bandi kwanza kwa mkono, yaani mshono wa muda, unalivaa koti uone, ndipo unapitisha cherehani. Nilifanya yote hayo. Mkono mmoja ukakaa. Wa pili ukajipinda kuelekea nyuma, kama mkono wa mtu anayetaka kujikuna mgongo. Nikachukua wembe, nikafumua, nikashona tena. Ukapinda. Nikafumua tena, sasa kitambaa kimeanza kutoa nyuzi na matundu ya sindano yanaonekana. Mara ya tatu nikapiga bandi taratibu kama nashona kidonda. Ukapinda vilevile.

Usiku ule niliandika kwenye daftari: "Mimi sina mkono wa ushonaji." Ningekuwa na akili ningeandika nilichofanya, siyo nilivyo.

Siku ya pili nilimpelekea fundi mmoja mzee ambaye huwa namsalimia njiani. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, mkono huu umenishinda." Akaitikia, akaligeuza koti ndani nje, akaangalia mshono wangu kwa muda, akasema, "Mwanangu, unashona vizuri tu. Unachokishona ndicho kibovu." Akaifumua mikono yote miwili, akaitandaza mezani ubavu kwa ubavu. Ilikuwa inafanana. Haikuwa kulia na kushoto, ilikuwa ya kulia yote miwili. Kitambaa hakikutosha kukunjwa mara mbili, kwa hiyo nilikitandaza kikiwa kimoja, nikachora mkono wa kwanza, nikasogeza kiolezo, nikachora wa pili bila kukigeuza. Nilikuwa nafumua kosa la cherehani wakati kosa lilikuwa la mkasi, tena la wiki tatu nyuma.

Niliporudi nyumbani nikafanya jambo ambalo lilipaswa kufanyika miezi mingi kabla. Nililisoma daftari langu tangu mwanzo. Nilikuwa nimezoea kuandika tu na kufunga, nikidhani kuandika ndiyo kutafakari. Kulikuwa na makosa 23. Nikachukua kalamu nyekundu nikaweka alama kwenye kila kosa lililotokea kabla sijakaa kwenye cherehani: kupima, kuchora, kukata, kusahau alama za kuunganishia. Yalikuwa 15. Na miezi yote hiyo nilikuwa nikijifunza nini? Kushona. Video za kushona, mazoezi ya mishono iliyonyooka, aina za sindano. Nilikuwa nasoma kwa bidii somo ambalo sikuwa nafeli.

Hapo ndipo ndoto yangu ilipogeuka kuwa lengo, na ndiyo maana nakwambia usikimbilie kuandika malengo kabla hujajaribu chochote. Lengo langu la kwanza, la koti moja miezi mitatu, lilikuwa na kila kitu ambacho vitabu vinataka: linapimika, lina tarehe, limeandikwa kwa kalamu nzuri. Lilikuwa limetungwa na mtu asiyejua koti ni nini. Lengo la pili lilikuwa hili: wiki sita, sigusi cherehani, nakata tu, kwenye magazeti ya zamani, na kila kipande nakilaza juu ya kiolezo kuona kimepotea wapi. Halivutii hata kulisimulia. Lakini nilijua ifikapo siku ya saba kama nimelifikia au la, na kama sikulifikia nilijua niangalie wapi.

Kuhusu kupata muda, sitazungumza sana. Nilisoma kwa mwanasaikolojia Gollwitzer, aliyeandika 1999, kwamba nia inayotaja lini na wapi inatekelezeka kuliko nia tupu. Basi "nitafanya mazoezi kila siku" nikaibadilisha kuwa "nikishaweka sahani ya mwisho kabatini, nakaa mezani na mkasi". Kwangu ilifanya kazi. Na yule aliyekuambia zoea linajengeka kwa siku 21, mwambie asante. Namba hiyo ilitokana na daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, ambaye 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Kuizoea pua na kujenga zoea ni mambo mawili. Mtafiti Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96, wakachapisha 2010. Zoea lilichukua kama siku 66 kwa yule wa katikati, ukiwapanga kuanzia wa haraka mpaka wa mwisho, na tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 mpaka makisio ya 254. Kilichonipa pumzi ni kwamba kuruka siku moja hakukuwaharibia. Mimi zamani nikiruka siku moja nilikuwa naliacha jambo zima, nikingoja Jumatatu, kisha mwisho wa mwezi, kisha mwaka mpya.

Turudi kwenye daftari, maana umeuliza "kutafakari" maana yake hasa ni nini na watu wamekujibu kwa maneno ya mahubiri. Kwangu ni kazi ya dakika kumi. Ninaandika nilichokusudia, kilichotokea, na wapi vilipoachana. Basi. Sifa zangu mwenyewe haziruhusiwi. Mwanzoni kurasa zangu zilijaa "mimi mzembe", "sina nidhamu", "nimezeeka kwa haya". Nilipoyasoma baada ya miezi, hayakunisaidia kitu, maana uzembe huwezi kuufumua kwa wembe. Lakini palipoandikwa "nimekata saa nne usiku, taa iko nyuma yangu, kivuli cha mkono kiko juu ya mstari" palinifanya nihamishe meza, na kosa lile halikurudi.

Halafu kuna kitu ambacho wachangiaji wengi hapo juu hawakukigusa: kujifunza kunaweza kukuondolea ndoto, na si hasara. Kabla ya koti nilikuwa na ndoto ya kuandika programu za kompyuta. Nilijifunza wiki nane, kwa uaminifu. Nikagundua ninachopenda ni kuitwa mtu wa programu. Kukaa saa mbili kutafuta alama moja iliyokosewa kulinichosha roho. Lakini kukaa saa mbili kutafuta kwa nini bega linavuta, naweza, na chai inapoa pembeni sijui. Sijui kwa nini moja limenishika na jingine halikunishika. Ninachojua ni kwamba nisingelijua kwa kutazama karatasi ya ukutani. Kwa hiyo katika zile ndoto zako tisa ulizoziorodhesha, mimi nisingekushauri uzifanye zote kuwa malengo. Chukua mbili, zijaribu kwa mwezi mmoja, kila moja katika kipande kidogo kinachoweza kuharibika. Nasisitiza kuharibika. "Kusoma kuhusu biashara", uliyoweka namba tatu, haiwezi kuharibika, ndiyo maana unaifanya kila mwaka.

Umeuliza pia kama uwaambie watu. Waliniuliza "koti limefika wapi?" mpaka nikaanza kuwakwepa. Ninachofanya sasa ni kumwonyesha mtu mmoja kazi yenyewe, siyo mpango. Yule mzee sikumwambia ndoto yangu hata siku moja. Nilimpelekea mkono uliopinda.

Koti nililimaliza mwezi wa 14. Lina kasoro nne ninazozijua, na nimelivaa kwenye harusi mbili bila mtu kuuliza. Sasa niko kwenye la pili. Ukurasa wa wiki hii unasema: "Kola, upande wa kulia, inainuka nikigeuza shingo. Upande wa kushoto haufanyi hivyo. Nilipima mara moja tu." Bado sijajua kama ni kupima au ni pasi niliyopiga kabla ya kuunganisha. Wembe uko mezani, nikimaliza vyombo naifumua.