Vijana porini: mnyama akiinua kichwa, mmeshamvuruga

Kambi nyingi za sayansi huona safari imefana vijana wakimkaribia mnyama. Sisi tunapima kinyume: imefana mnyama asipojua kama mpo. Swala aliyeacha kula na kusimamisha masikio anaonyesha tu anavyowaogopa ninyi, na data ya dakika hizo ni ya kufuta.

Kwa hiyo umbali ni usalama na sayansi kwa pamoja. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, inua dole gumba. Lisipomfunika mnyama mzima, rudini nyuma polepole. Kwa wala nyama na wanyama wakubwa, neno la askari wa hifadhi linapita gumba lolote. Dondosheni vumbi kidogo muone linakopeperuka. Upepo utoke kwa mnyama uje kwenu. Tokeni alfajiri, jua likishakuwa kali wengi hujilalia vivulini.

Darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) inatosha. Ya kukuza mara 12 inatetemesha picha mikononi mwa kijana, ingawa ndiyo wote huigombania.

Kazi yenyewe ni kuandika. Wawili wawili wachague mnyama mmoja: mmoja atazame, mwenzake ashike saa na penseli (wino hulowa). Kila sekunde 30, kwa dakika 10, waandike herufi moja: L anakula, T anatembea, S amesimama anatazama, P amepumzika, H haonekani. Msisahau H. Bila hiyo kijana hubuni, au huacha pengo ambalo jioni hakuna anayejua maana yake. "Amekasirika" haiandikwi, "amelaza masikio, anapiga mkia" ndiyo inayoandikwa.

Kinyesi msishike kwa mkono mtupu, huenda kina mayai ya minyoo. Unyayo mzuri uchukulieni umbo: uzungushieni ukanda wa karatasi ngumu, korogeni vikombe viwili vya unga wa plasta (jasi, plaster of Paris) kwa kimoja cha maji mpaka uji uwe mzito lakini unamiminika. Mimineni pembeni ya unyayo, uji uingie wenyewe. Ukimwagwa katikati unabomoa kingo za vidole. Subirini nusu saa, zaidi ardhi ikiwa mbichi. Plasta ikianza kukaza, chorea mgongoni tarehe, mahali na mguu gani. Udongo usisuguliwe siku hiyo, plasta bado ni laini na alama za kucha zitakatika. Mabaki yarudi kambini kwenye mfuko, yasimwagwe kwenye sinki: yatagandia humo.