Tarpana ya baba ukiwa na tarehe ya cheti cha kifo tu

Ndugu, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza shraddha yake, yaani ibada ya Kihindu ya kumkumbuka marehemu, uifanye siku gani wakati una tarehe ya cheti pekee, na maji ya tarpana, yale anayotolewa marehemu, yamwagwe vipi.

Tarehe ya cheti haitoshi yenyewe. Mpelekee kasisi wa hekalu tarehe, saa na mji alikofia; atakutafutia tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo, kwenye panchanga, kalenda ya Kihindu. Katika Pitru Paksha, kipindi cha kuwakumbuka wazee waliofariki katika nusu ya giza (mwezi unapopungua) inayoangukia Septemba au Oktoba, utamwombea kwenye tithi hiyohiyo. Ikikosekana kabisa, siku ya mwisho ya kipindi hicho, Amavasya (mwezi usipoonekana), ni ya wazee wote waliofariki.

Fanya adhuhuri, si alfajiri. Elekea kusini, na uzi mtakatifu unaovaliwa begani uhamishie bega la kulia. Hapa ndipo wengi hukosea: ukibaki kushoto, huo ni mkao wa ibada ya miungu. Vaa pete ya darbha, majani ya ibada, kidole cha pete, mkono wa kulia. Weka ufuta mweusi kiganjani, mimina maji, taja ukoo na jina lake, kisha inamisha mkono yachuruzike kati ya gumba na kidole cha shahada, wala si kwenye ncha za vidole. Mara tatu kwa baba, tatu kwa babu, tatu kwa baba wa babu.

Matonge ya pinda, yale wanayotolewa marehemu, nayo ni matatu: wali, ufuta, samli na asali kidogo. Wali wa kuchambuka haushikani, tonge litapasuka mkononi. Upike uwe laini, ufinyange ungali vuguvugu.

Kunguru atengewe chakula kabla hamjala. Kasisi akielekeza tofauti, mfuate, maana koo zina desturi zake.