Anayejua majani ni yule mwenye baiskeli

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa. Mmeuliza kama wakazi wa Dar es Salaam wajitolee kutunza nyasi na maua pori kwenye bustani za mitaa, kama wanavyofanya wenzetu wa Uingereza. Jibu langu ni ndiyo, na naliandika kwa uchungu, kwa sababu watu wa kujitolea tunao tele. Jumamosi ya usafi ikifika si wanatoka na mafagio na mafyekeo? Mimi ninachogombana nacho ni hilo fyekeo. Linapita popote na wakati wowote, na likishapita watu wanafurahi kwamba pamekuwa pasafi.

Ukiuliza kwa nini panafyekwa, utajibiwa nyoka, vibaka na mbu. Kwa nyoka na vibaka sibishani na mtu. Binti anayerudi kutoka kazini saa tatu usiku ana haki ya kuona mbele yake, kwa hiyo kando ya njia pafyekwe, tena chini kabisa. Kwa mbu naomba niseme, maana nilikuwa miongoni mwa wakazi waliokabidhiwa kichoteo cha kutafutia viluwiluwi vya mbu na kupangiwa mitaa katika ule mpango wa malaria wa jiji ulioanza mwaka 2004 kwenye kata 15. Tulichungulia madimbwi, mifereji iliyoziba, misingi ya nyumba zilizotelekezwa, hadi vijito vya maji katikati ya matuta ya bustani za mboga. Viluwiluwi tulivikuta majini. Dawa ilipoanza kumwagwa mwaka 2006, kata 3 kwanza, ilimwagwa majini. Mbu mkubwa hujificha kwenye majani mchana, hilo sikatai. Lakini mtaa unaofyeka uwanja mzima na kuacha dimbwi lake palepale umejichosha bure.

Sasa niwaeleze kilichotokea mtaani kwetu. Tuna eneo la wazi lenye mteremko, juu watoto wanacheza mpira, chini kuna mfereji. Masika yakiisha, mwezi wa sita hivi, ule mteremko unapendeza kuliko bustani yoyote ya kupandwa. Mchunga unatoa maua yake ya njano, mwingajini nao njano, kishonanguo kinachanua, na chini kabisa vinatambaa vile vijiua vya samawati vinavyofunguka asubuhi na kusinyaa mchana. Vipepeo wanajaa. Kina mama wanakuja na beseni kuchuma mchunga, wa kupika na nazi ili uchungu upungue.

Alikuwepo pia kijana mmoja mkata majani. Mnawajua hawa, wanaopita na baiskeli iliyofunikwa na mzigo wa nyasi mpaka huoni gurudumu la nyuma, wakiwapelekea watu wenye ng'ombe wa ndani. Huyu alikuja alfajiri na mundu wake. Nilimwangalia kwa muda nikaona hakati ovyo. Anakata kipande, anaruka kipande, kesho yake anaanzia kwingine. Asubuhi moja nikamsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona pale umeparuka?"

"Pale bado, mama. Mbegu hazijadondoka. Nikipakata leo, msimu ujao nitakata nini?"

Nikamwuliza na mwingajini, mbona anauzunguka. Akasema ng'ombe hautaki, na akilazimika kuula unamdhuru. Akanionyesha nyasi zipi zinarudi haraka na zipi zikikatwa chini sana zinakufa. Akaniambia kina mama wa mchunga huwa anawaachia upande wa kwenye mwembe. Hakuna kikao kilichowahi kupanga hayo. Walipatana wenyewe.

Jumamosi moja ya usafi wakamkuta pale. Kiongozi mmoja wa shughuli, jina silitaji, akamwita mvamizi, akamwambia eneo la umma si shamba la mtu. Wakamnyang'anya mundu. Kijana alisimama akishika usukani wa baiskeli, akasema tu, "Samahani mzee, naomba kifaa changu." Niliingilia, na mama mmoja wa mchunga akaingilia, tukajibiwa kwamba tunatetea uchafu. Mundu alirudishiwa baadaye, lakini hakuja tena. Wao wakafyeka mteremko wote mpaka udongo ukaonekana, maua yakiwa bado hayajafunga mbegu, na marundo yakaachwa palepale yaoze. Vuli ilipokuja yalipanda majani magumu marefu yanayokata mikono. Mchunga ulirudi kidogo, mizizi yake haifi upesi. Vile vya samawati sikuviona. Na mfereji, niliousemea siku ileile, ulibaki umeziba.

Nimesoma wanavyofanya hao Waingereza mliowataja. Wamepoteza asilimia 97 ya nyanda zao za maua tangu miaka ya 1930, ndiyo maana wanahangaika na hizo za kwenye bustani. Wanasubiri kiangazi kiende mpaka maua yadondoshe mbegu, ndipo wanafyeka, halafu wanakusanya majani yote na kuyaondoa. Yakiozea pale yanarutubisha udongo, na udongo ukinona nyasi kubwa zinayafunika maua. Wengine hupanda makusudi mmea uitwao Rhinanthus minor, unaonyonya mizizi ya nyasi na kuzipunguza nguvu. Nikisoma hayo namkumbuka kijana wetu. Kungoja mbegu alingoja, kuondoa majani aliondoa, na gharama alilipa mwenye ng'ombe.

Nikiyapanga haya, ile ndiyo yangu ya mwanzo inapungua nguvu. Sidhani tena kwamba kutunza maua pori tuwape wa kujitolea. Kujitolea kwetu ni kwa siku moja, na siku moja inadai matokeo ya kuonekana kwa macho, yaani kufyeka. Sisi wa viluwiluwi tulirudi kwenye dimbwi lilelile kila wiki kwa sababu tulipewa posho, ndogo lakini ilikuwepo. Mteremko wa nyasi nao unataka mtu wa kurudi. Mkata majani anarudi kwa sababu ana mteja. Basi apewe kibali cha mtaa kwa maandishi, akubaliane na kina mama wa mboga sehemu ipi ni ya nani, na wa kujitolea wabaki na kando za njia, mifereji na taka.

Nakiri yapo ya kuangalia. Januari na Februari jua likiwa kali, mwenye ng'ombe atamsukuma akate hata kisichokomaa. Upanga au Oysterbay huenda asipatikane mwenye ng'ombe wa karibu, huko labda manispaa iajiri. Na wapo wakata majani wasiojali, siwezi kuwaapia wote.

Lakini Bonde la Msimbazi, pale Jangwani, linapangiwa bustani kubwa ya jiji, na pale maji hupita kila masika na majani yataota mtake msitake. Kabla hamjaandikisha watu wa kujitolea, waiteni kwenye kikao wakata majani wa Magomeni na Kigogo, muwaulize wanakata wapi na wanaacha wapi.